Chumba cha Noma

Lilikuwa ghala la pamba, nyuma ya reli,
kabla halijawa letu.
Tulipokwangua rangi ya lango, tabaka baada ya tabaka,
kijani cha baraza la zamani, samawati ya kanisa fulani,
zikajitokeza chini kabisa herufi za lami:
MAROBOTA. JUMLA TU.
Wafubwa akaniuliza, "Nazo tuziue?"
Nikamwambia apitishe msasa pembeni, aziache zipumue.

Kazi ilikuwa hii: KITUO CHA SANAA,
herufi kumi na tatu za chuma,
kila moja kimo cha mtoto wa darasa la pili,
na vibao vya milango, na mishale ya kwenda chooni,
maana sanaa bila choo, alisema Bi. Nyangweso, ni mateso.

A zote nne tulizikata asubuhi moja.
S ilikula siku mbili na diski tatu.
S haitaki haraka; ukiilazimisha inakuwa tano.
Usiku tukapaka rangi, na sami wakapanda toka ziwani,
wingu zima la vijidudu, wakaifuata taa ya karakana,
wakatua kwenye H mbichi, wakabaki humo.
Kulipokucha H ilikuwa na manyoya.
Wafubwa alitukana kwa Kibukusu.
Mimi nilishika msasa tena.

Vibao vya milango navyo vilitaka nukta nundu.
Mashine iko Nairobi, bei yake iko mbinguni.
Nikatwaa bati la alumini, msumari butu, nyundo ndogo,
nikagonga kutoka nyuma,
kila neno kinyumenyume, kulia kwenda kushoto,
kama mtu anayeandika akiwa ndani ya kioo.
Kibao cha saba, mvua ya saa kumi ikaja mbio,
tukaokoa mashine ya kuchomelea, tukaokoa rangi,
nikarudi nikaanzia pale nilipodhani nimeachia.

Siku ya kufunga: ngazi, drili, timazi,
Wafubwa juu, mimi chini.
"Inua O. Kidogo. Umezidisha. Rudisha."
Watu wa boda wakasimama kutoa ushauri wa bure:
"Mama, T imelewa!"
T haikulewa. Ukuta ndio uliolewa, tangu enzi za pamba.
Timazi ikasema yake, jicho likasema lake;
tukalifuata jicho.

Kisha akaja Obade, nyatiti begani.
Hakuinua uso. Ya huko juu hayakumhusu.
Akapitisha kidole mlango hadi mlango:
"Ofisi. Maktaba. Stoo."
Wa saba, akasimama. Akarudia.
Akacheka mpaka akaegemea fremu.
"Nani kaandika hapa Chumba cha Noma?"

G.
Nukta nne tu, mraba mdogo,
moja ya zile herufi chache zisizojali mbele wala nyuma,
ukiigeuza ni ileile;
katika zote, hiyo ndiyo niliyoiangusha mvuani.
Macho kumi na mawili yalikikagua kile kibao
yakaona NGOMA, kubwa, nyeupe, safi, yakatia sahihi.
Msomaji wake wa kwanza alikuwa yeye.

Nikatengeneza kingine usiku huohuo, bila malipo;
kosa la fundi halina ankara.
Kile cha kwanza nilitaka kukikunja. Obade akaninyang'anya.
Leo kiko kwenye kabati anakoweka nyatiti,
amekipigilia mwenyewe, kimekaa upande,
na vijana wakija mazoezini hukigusa wakipita,
vijana wasiojua nukta hata moja.

Jina kubwa laonekana toka barabarani. Watu wanasema limependeza.
Mimi nikipita pale huitafuta H.
Mguu wa kushoto, chini, usogee karibu:
yupo sami mmoja tuliyemsahau,
ndani ya rangi nyekundu,
mabawa wazi.